Pointi za tiketi na shabiki anayeishi mbali

Kazi yangu ni kuchambua namna kitu kichache kinavyogawiwa kwa watu wengi: nafasi za chuo, nyumba za bei nafuu, zamu za matibabu. Katika yote hayo, tiketi za mpira ndizo zinazonigusa zaidi. Wanaozigombea wanakipenda wanachokigombea kwa moyo wao wote, na kanuni za kuzigawa huandikwa na klabu yenyewe, mara nyingi bila mtu wa nje kuzikagua. Leo nataka kueleza jinsi mfumo wa pointi za uaminifu unavyofanya kazi kwa ndani, na kwa nini naamini kwamba, jinsi klabu nyingi kubwa zinavyouendesha, unamwonea shabiki anayeishi mbali na uwanja.

Mfumo wenyewe hauna ugumu. Ukinunua tiketi, unapata pointi. Ikija mechi inayogombewa, klabu inafungua mauzo kwanza kwa wenye pointi nyingi, kisha inashuka ngazi kwa ngazi mpaka tiketi ziishe. Klabu nyingine hazitoi pointi, zinahesabu mechi ulizonunua msimu uliopita. Liverpool wametumia njia hiyo kwa miaka mingi. Nia ni njema, na ningependa hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika. Bila pointi, tiketi ya fainali ingemwendea mwenye intaneti ya kasi, mwenye pesa nyingi au mlanguzi. Aliyekaa kwenye mvua kutazama sare tasa na timu ya mkiani anastahili kutangulizwa. Sijakutana na shabiki wa mbali anayelipinga hilo.

Kasoro iko kwenye kipimo. Chukua mashabiki wawili wa klabu moja ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambako kila timu ina mechi 19 za ligi nyumbani. Wa kwanza anaishi kilomita 2 kutoka uwanjani na anahudhuria zote 19. Wa pili anaishi kilomita 400, anafanya kazi siku za wiki, na kwa kujibana anafika mechi 8 kwa msimu. Kwa kwenda na kurudi, wa kwanza amesafiri kilomita 76 msimu mzima. Wa pili amesafiri kilomita 6,400. Kwenye kompyuta ya klabu, wa kwanza ana pointi 19 na wa pili ana 8, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mtu huyu wa pili aliamka alfajiri mara nane na kurudi nyumbani usiku wa manane mara nane.

Sasa jiulize pointi hizo zinatuambia nini. Pointi ya kwanza mpaka ya nane zinatuambia mengi: huyu si mtalii, huyu anarudi, huyu anaijali timu. Lakini ile tofauti ya 11, kati ya 8 na 19, inatuambia nini kuhusu moyo wa mtu? Karibu hakuna. Inatuambia anakaa wapi, zamu zake za kazi zikoje, na kama ana mtoto mchanga au mzazi mgonjwa nyumbani. Ikivuka kiwango fulani, pointi inaacha kupima mapenzi na kuanza kupima anwani. Hii ndiyo hoja yangu yote, na mengine yaliyobaki yanatokana nayo.

Halafu pointi zinarundikana. Katika klabu ambazo hazifuti pointi za zamani, wale wawili baada ya misimu 5 wana 95 na 40, na baada ya misimu 10 wana 190 na 80. Pengo linaongezeka kila mwaka ingawa hakuna aliyebadilisha mwenendo wake. Wanaofikiri hili ni tatizo la watu wa mbali peke yao wamwangalie kijana wa mtaa uleule wa uwanja anayeanza kwenda leo. Hata asikose mechi moja mpaka azeeke, atakuwa nyuma ya yule jirani yake kwa pointi 190 maisha yake yote. Mfumo wa kurundika pointi unawafungia nje wa mbali na wadogo kwa mlango mmoja, na mimi hushangaa jinsi makundi haya mawili yasivyozungumza kwa sauti moja.

Jambo linakuwa zito zaidi kwenye mechi za ugenini. Kanuni ya Premier League inaitaka klabu mwenyeji impe mgeni tiketi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja pale ambapo hesabu hiyo ni ndogo zaidi. Uwanja wa Bournemouth unaingiza watu 11,000 na ushei, kwa hiyo wageni wanapata kama tiketi 1,100 tu. Tiketi hizo chache zinawaendea wenye pointi nyingi za ugenini, na pointi za ugenini hupatikana kwa kununua tiketi za ugenini. Ukiwa ndani, kila safari inakulinda kwa safari inayofuata. Ukiwa nje, huna pa kuanzia.

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wa kanuni hulipita bila kuliona. Kwa shabiki wa mbali, mechi ya ugenini mara nyingi ndiyo mechi ya karibu. Fikiria mtu anayeipenda Newcastle United na anaishi London. St James' Park, uwanja wa timu hiyo, uko umbali wa takriban kilomita 450 kwa barabara. Lakini msimu wa 2025/26 Premier League ina klabu saba za London: Arsenal, Brentford, Chelsea, Crystal Palace, Fulham, Tottenham na West Ham. Mara saba kwa msimu timu yake inacheza mahali anapoweza kufika kwa treni ya mjini. Chini ya mfumo wa kawaida wa pointi, hizo saba ndizo atakazozikosa, kwa sababu tiketi za mechi hizo zinawaendea waliojikusanyia pointi kutokea upande wa pili wa nchi. Wao wanasafiri kilomita 450 kuja kukaa kwenye viti, na yeye anaitazama mechi kwenye runinga akiwa jirani na uwanja. Wasafiri hao siwalaumu hata kidogo, wameistahili nafasi yao. Lakini mfumo usiomwachia huyu wa London hata nafasi moja kati ya saba una tundu.

Ratiba nayo inaongeza mzigo. Uingereza hairushi mechi moja kwa moja Jumamosi saa tisa alasiri, kwa hiyo kila mechi inayochaguliwa na runinga inahamishwa kutoka saa hiyo. Kuanzia msimu wa 2025/26 mechi zaidi ya 260 kati ya 380 za Premier League zinaonyeshwa mubashara nchini humo. Mechi uliyoipangia Jumamosi mchana inahamia Jumatatu saa mbili usiku. Kwa jirani wa uwanja hilo ni kero ya jioni moja. Kwa mtu wa kilomita 400 ni treni ya mwisho iliyoondoka kabla ya filimbi, siku ya likizo kazini, pengine na chumba cha kulala. Akirudisha tiketi kwa kushindwa kwenda, anapoteza pointi. Klabu imelipwa na runinga kwa mabadiliko hayo, na adhabu ya mabadiliko hayohayo imeangukia kwenye akaunti ya shabiki. Kwangu mimi hili ndilo lisilotetewa kirahisi kuliko yote, na pia ndilo la kurekebisha haraka: mechi ikihamishwa baada ya tiketi kuuzwa, aliyerudisha tiketi yake asipoteze pointi.

Najua jibu linalokuja, kwamba klabu ni ya watu wa mahali pake. Naliheshimu jibu hilo. Klabu nyingi zilizaliwa viwandani, makanisani na kwenye baa za mtaa, na watoto wa mitaa ile leo wanashindwa kuingia uwanja wanaousikia ukipiga kelele kutoka madirishani mwao. Liverpool hutenga tiketi kwa wenye anwani za msimbo wa posta wa L, yaani wakazi wa jiji hilo na jirani zake, na naona ni sahihi, kwa sababu wanafanya hivyo waziwazi. Wametamka kwamba hizi ni za wenyeji, kila mtu anaona, na anayetaka kupinga anajua anapinga nini. Pointi zinafanya upendeleo uleule kwa mlango wa nyuma, zikijiita kipimo cha uaminifu.

Historia inaonyesha kwamba makazi yakitumika waziwazi yanaweza hata kufikishwa mbele ya sheria. Kwa Kombe la Dunia la 1998, waandaaji wa Ufaransa waliuza tiketi nyingi mapema kwa watu wenye anwani ya Ufaransa tu. Mwaka 1999 Kamisheni ya Ulaya iliamua kwamba huko kulikuwa kutumia vibaya nguvu ya soko, ikawatoza faini ya euro 1,000, kiasi cha ishara tu. Sisemi kwamba pointi za klabu ni haramu. Nasema kwamba swali la mtu kunyimwa tiketi kwa sababu ya anapoishi si deko la watu wa mbali; limeshachukuliwa kwa uzito.

Tena mpira wenyewe umeshakubali kwamba umbali ni gharama. Tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya ugenini kwenye Premier League haizidi pauni 30, na hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba msafiri ameshalipa nauli kabla hajafika getini. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, wamefanya hivyohivyo kwenye Ligi ya Mabingwa: kikomo cha tiketi ya mgeni kilikuwa euro 70, kikashuka mpaka 60 msimu wa 2024/25 na 50 msimu wa 2025/26. Kama umbali unahesabika kwenye bei, sioni kwa nini usihesabike kwenye foleni.

Tufanye nini basi? Watu wengi huniambia, wape wa mbali pointi zaidi kwa kila kilomita. Nalikataa wazo hilo. Anwani hudanganywa kwa urahisi mno, kila mtu ana binamu mahali fulani, na mwishowe utamtajirisha pointi mtu anayepanda ndege mara tatu kwa mwaka kuliko yule wa mtaani anayejinyima ili afike mechi zote 19.

Mimi ningeanza na dari. Klabu iamue ni mechi ngapi zinatosha kuthibitisha kwamba wewe ni shabiki wa kweli, tuseme 8 kati ya 19, kisha wote waliofika hapo waingie kwenye chungu kimoja na tiketi za mechi kubwa zigawiwe kwa kura ya bahati. Aliyehudhuria 19 anabaki na faida zake nyingine, kama kiti chake cha msimu, lakini hawi ukuta mbele ya aliyehudhuria 8.

Pointi za zamani nazo zipungue. Ukizikata nusu kila msimu, anayehudhuria mechi zote miaka nenda rudi anakaribia 38 na hawezi kuzivuka. Anayeanza leo bila kukosa mechi ana 19 mwisho wa msimu wa kwanza, 28.5 wa pili, na 33.25 wa tatu. Ndani ya misimu mitatu anayo asilimia 87.5 ya mkongwe. Mkongwe bado anaongoza, na anayeanza anaona njia ya kufika.

Kwenye ugenini, sehemu ndogo itolewe nje ya pointi kabisa. Asilimia 15 ya tiketi 3,000 ni tiketi 450. Wenye pointi nyingi wanabaki na 2,550, na mia nne na hamsini wanapata safari yao ya kwanza. Watu wa klabu wakiniambia hilo litawaudhi wakongwe, huwajibu kwamba wakongwe hao wote walikuwa na safari ya kwanza, enzi ambazo ilitosha kufika na kununua.

Kurudisha kiti pia kuhesabiwe. Uingereza na Wales, kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai kwa sheria ya 1994, kwa hiyo mwenye tiketi ya msimu asiyeweza kufika anabaki na mfumo wa klabu peke yake. Barcelona kwa muda mrefu wana utaratibu wa mwanachama kuachia kiti chake kiuzwe na yeye kupata sehemu ya fedha. Aliyeachia kiti mapema kikakaliwa na mwingine ameitendea timu yake wema, na kwenye hesabu asiwekwe sawa na aliyekiacha kitupu.

Lakini kabla ya yote hayo kuna jambo lisilohitaji kubadilisha kanuni hata moja. Klabu kubwa zinauza uanachama wa kulipia kila mwaka kwa watu wa dunia nzima, na kinachouzwa hasa ni haki ya kuingia kwenye foleni. Mnunuzi haambiwi urefu wa foleni hiyo. Baada ya kila mechi, klabu ichapishe tiketi ngapi zilitolewa kwa kila ngazi ya pointi, ngapi kwa kura ya bahati, waombaji walikuwa wangapi, na tiketi ya mwisho ilichukuliwa na mtu mwenye pointi ngapi. Namba hizo ziko kwenye mfumo tayari, maana bila hizo mauzo yasingefanyika. Kama uko kwenye chama cha mashabiki, ziombeni kwa maandishi msimu huu, kabla uanachama wa mwaka ujao haujaanza kuuzwa.