Muongo sugu si lazima awe narsisi

Kwa miaka miwili yaya, kaka yangu mkubwa, alitusimulia habari za kontena lake la viatu lililokwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Alijua hadi rangi yake: bluu, ubavu mmoja umebonyea. Wamama wa likelemba, yaani mchango wa kupeana pesa kwa zamu, sokoni mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, walimkopesha pesa za forodha mara 3. Kontena halikuwapo. Tangu hapo kila mtu anamwita narsisi, yaani mtu anayejikweza na kujijali mwenyewe tu, kana kwamba neno hilo linamaliza kila kitu.

"Anayedanganya kila siku ni narsisi." Sivyo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliingiza hitilafu ya nafsi ya kinarsisi mwaka 1980. Toleo la 2013 linataja dalili 9, na mtu awe na 5 angalau: kujiona mkubwa kuliko alivyo, kiu ya kusifiwa, kuwatumia wengine, kutoguswa na maumivu yao, na kadhalika. Uongo haumo katika hizo 9. Uhusiano upo, lakini unapita kwenye sifa: anayeishi kwa kusifiwa huulinda uongo unaomkuza, na ukimgusa hapo anakugeuzia kibao. Mama mukubwa alipoomba namba ya kontena, yaya alimwambia ana wivu. Iliniuma sana. Hata hivyo simpi jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari aliyekaa naye.

"Muongo hujulikana machoni." Imani hii imefilisi wengi. Bond na DePaulo, waliochambua tafiti nyingi mwaka 2006, walikuta watu wakikisia nani anadanganya hupatia kama mara 54 katika 100. Yaya alitutazama bila kupepesa. Kilichomfichua ni karatasi za forodha ambazo hakuwahi kuzionyesha.

"Anauamini uongo wake." Anton Delbrück, daktari wa akili aliyeandika juu ya waongo wa aina hii mwaka 1891, aliona kweli na uongo vikichanganyika ndani yao. Lakini wengi wakibanwa kwa ushahidi hukiri, au hubadilisha hadithi. Tofauti kabisa ni mtu ambaye pombe ya miaka mingi imemharibu kumbukumbu: huyo hujaza mapengo kwa mambo yasiyotokea, bila nia ya kudanganya. Msimwite muongo. Mpelekeni hospitali.

Yaya bado anakula nasi Jumapili. Akianza kusimulia habari za mzigo, Mama mukubwa anamwongezea bukari (ugali), kisha anamuuliza taratibu: "Karatasi iko wapi, mwanangu?"