Ndege ya Daktari na Dharura za Visiwani: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Sisi wa Nairobi wenye jamaa Pate, Lamu au Mfangano tukipigiwa simu usiku kwamba mtu amezidiwa, huwa tunauliza kwanza ndege itafika saa ngapi. Si ajabu, kwa maana huduma ya madaktari warukao ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na hadi leo ndege za Amref, shirika lililotokana na huduma hiyo, huondoka hapa Uwanja wa Wilson. Hata hivyo, imani yetu kwa ndege imezaa dhana zinazoweza kugharimu uhai.

Hudhaniwa kwamba ndege hutua alipo mgonjwa. Ukweli ni kwamba uwanja wa ndege wa Lamu uko kisiwa cha Manda, hivyo mgonjwa wa mji wa Lamu sharti kwanza avushwe kwa boti, naye wa Pate husubiri pia maji yajae, kwa kuwa baadhi ya njia za mikokoni hazipitiki vizuri yakishakupwa. Usiku, kiwanja kisicho na taa huwa kikwazo kingine.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi ni kwamba mgonjwa apakiwe upesi, matibabu yatafuata Nairobi. Jamaa humwona daktari akiinama juu ya machela huku rubani akisubiri, wakakasirika kwamba anapoteza wakati, ilhali kazi hiyo ndiyo inayomwezesha mgonjwa kuistahimili safari. Kadiri ndege inavyopaa, shinikizo la hewa hupungua na hewa iliyonaswa mwilini hutanuka. Aliyeumia kifua, na hewa ikavujia kando ya pafu, anaweza kukosa pumzi kabisa angani, na ndiyo maana daktari humtia mrija wa kuitoa hewa hiyo kabla ya kuruka. Oksijeni nayo hupimwa ili itoshe safari nzima na kubaki akiba.

Wapo pia wanaoamini kwamba daktari asipofika hakuna la kufanya. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja ndege: muuguzi wa zahanati humkanda mji wa mimba, humchoma oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ambayo hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na humpa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kwa hiyo jokofu la zahanati linalofanya kazi ni sehemu ya huduma ya dharura sawa na ndege yenyewe, na viongozi wa kaunti wanastahili kuulizwa habari zake.

Mtoto aliyezama asining'inizwe kichwa chini wala kubanwa tumbo ili atapike maji, maana anachokosa ni hewa. Asipopumua, apewe pumzi papo hapo, kisha akandamizwe kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike.

Jamaa aliyeko Nairobi anaweza kusaidia kwa kumuunganisha kwa simu muuguzi aliye na mgonjwa na daktari wa zamu, akiwa tayari kueleza mgonjwa yuko kisiwa gani, anapumuaje, boti ipi ipo tayari, na maji yatajaa saa ngapi.