Ngoma za Morris na fujo za miji midogo Uingereza: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Kila Mei ikikaribia, sisi tunaoishi kwenye hii miji midogo ya Uingereza tunaanza kuambizana yaleyale, usitoke Jumamosi hiyo, wale watu wa njuga na fimbo wanakuja, watalewa, watapigana, watoto wakae ndani. Na nyumbani nako mtu akiona klipu fupi tu, mwanaume kajipaka rangi usoni anarukaruka katikati ya barabara, kuna glasi ya bia pembeni, hukumu imeshatoka. Mimi hizi ngoma za Morris, ngoma za jadi za Waingereza za njuga, vitambaa na fimbo, nazipenda, sifichi, na inaniuma zikibebeshwa lawama ambayo nyingi si yao. Fujo zipo, hilo hakuna anayebisha. Ila tuziweke pale zilipo.

Dhana ya kwanza, na ndo kubwa kuliko zote: wachezaji ndio walevi, wao ndio wanaanzisha fujo

Hapa inabidi nikae kidogo. Ngoma ya Morris ya upande wa Cotswold, eneo la vilima, inachezwa na watu sita kwa mistari miwili, njuga zimefungwa chini ya magoti, mkononi vitambaa vyeupe au fimbo, na mpigaji wa kodiani au fidla yuko pembeni. Ikifika sehemu ya fimbo zinagonganishwa kwa nguvu mpaka vipande vinaruka, ukichelewa kidogo tu umempata mwenzako kwenye vidole. Kaskazini Mashariki, kwenye maeneo yaliyokuwa ya migodi ya makaa, kuna ngoma inaitwa rapper, watu watano wameshikana kwa vibapa vya chuma vinavyopinda, kila mmoja kashika mpini mmoja wa chake na mpini wa pili wa cha mwenzake, wanapita juu wanapita chini wanajisokota bila kuachia. Mlevi hawezi, hata dakika moja hamalizi. Wanakunywa? Ndio wanakunywa, na mara nyingi wanacheza nje ya pabu kabisa, yaani baa, lakini kikundi kina kiongozi wanamwita Squire, kina mwalimu wa hatua wanamwita Foreman, kina katibu wanamwita Bagman, na vikundi vingi vinafanya mazoezi majira ya baridi yote kwenye ukumbi wa kijiji ndo vitoke nje alfajiri ya tarehe 1 Mei. Watu wamejipanga hivyo.

Chukua Helston, mji mdogo kule Cornwall. Tarehe 8 Mei ngoma ya kwanza ni saa 1 asubuhi, halafu inafuata ya watoto wa shule, wanapita zaidi ya elfu moja wamevaa nguo nyeupe, halafu saa 6 mchana inakuja ile ya waalikwa, wanaume wamevaa kofia ndefu nyeusi na wanawake magauni marefu, wanaingia kwenye nyumba na maduka ya watu kwa mlango wa mbele wanatokea wa nyuma, wawili wawili, bendi ya matarumbeta inapiga wimbo uleule mmoja siku nzima. Mwenye nyumba anafungua mlango mwenyewe anawapisha wapite sebuleni kwake. Nani anamfungulia mhuni mlango?

Au Padstow, hukohuko Cornwall, tarehe 1 Mei. Wana farasi wao wanamwita 'Obby 'Oss, duara kubwa la fremu lililofunikwa turubai jeusi, mtu yuko ndani na kinyago cha kutisha, mwingine anamcheza mbele na rungu lililopakwa rangi, ngoma na kodiani zinalia, watu wote wanaimba. Farasi wako wawili, wa zamani na wa utepe wa bluu, na huyu wa bluu mwishoni mwa karne ya 19 aliungwa mkono na watu wa harakati za kupinga pombe, waliotaka watu washerehekee bila kulewa. Yaani ndani ya sherehe yenyewe kuna watu walikuwa wanapigania utulivu zaidi ya miaka mia iliyopita, na hilo halionekani kwenye klipu.

Sasa fujo zinatoka wapi? Padstow ni mji wa watu wapatao 3,000, siku hiyo wanaingia wageni kwa maelfu na maelfu, pabu zimejaa mpaka watu wanakunywea barabarani, na jioni ikiingia wenye watoto wamesharudi nyumbani wanabaki wale ambao ngoma hawakuja kuiona toka mwanzo. Makopo yanarushwa, mtu anakojoa kwenye geti la bibi wa watu, wawili wanashikana mashati. Ni sawa na vurugu za kigodoro usiku wa manane Dar, halafu lawama anatupiwa mpiga ngoma.

Dhana nyingine: ni mambo ya mizimu, upagani wa kale

Hii inawasumbua sana ndugu zetu wa dini, Wakristo kwa Waislamu, na hata Waingereza wenyewe wengi wanaiamini. Ushahidi wa maandishi hauko hivyo. Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya Morris Uingereza ni ya 1448, chama cha mafundi dhahabu wa London kiliwalipa wachezaji shilingi saba. Baada ya hapo tunaikuta kwenye sherehe za wakubwa, halafu inaingia kanisani, ndio kanisani, kwa sababu parokia zilikuwa zinaandaa sherehe za kuuza bia ili zipate pesa za kutengeneza kanisa, na kwenye vitabu vya hesabu vya wazee wa kanisa, kwa mfano Kingston upon Thames karne ya 16, utakuta wamenunua njuga na viatu vya wachezaji. Habari za upagani zilikolea mwishoni mwa karne ya 19, wasomi wa wakati ule walipokuwa wanaona ibada ya rutuba kwenye kila kitu cha kijijini. Cecil Sharp, aliyekutana na wachezaji wa Headington Quarry, karibu na Oxford, tarehe 26 Desemba 1899 na baadaye akaanzisha chama cha ngoma za jadi 1911, naye aliichukua nadharia hiyo akaisambaza. Alifanya kazi kubwa sana ya kuandika hatua na nyimbo, lakini hapo alituachia mzigo.

Kuna pembe wanazocheza nazo Abbots Bromley kule Staffordshire ambazo ni kweli ni za kale, ni za kulungu wa nchi za baridi kali na zilipopimwa zilionekana ni za karibu karne ya 11. Pembe kuwa za kale haina maana ngoma nayo ni ya kale hivyo.

"Zamani watu walikuwa na adabu, fujo ni za vijana wa siku hizi"

Hapana. 1583 Philip Stubbes, Mkristo mwenye msimamo mkali, alilalamika kwa hasira kwamba wachezaji wanaingia mpaka kanisani na njuga na ngoma na farasi wao wa bandia wakati mchungaji yuko kwenye sala. 1618 mfalme James I akatoa tamko kwamba watu waachwe wacheze Morris siku ya Jumapili mradi wameshamaliza ibada. 1644 Bunge likaamuru milingoti ya Mei, zile nguzo ndefu ambazo watu wanazizunguka wakicheza, yote iangushwe, ufalme uliporudi 1660 milingoti nayo ikarudi. Mvutano huu una umri wa zaidi ya miaka 400, na ukiusoma vizuri utaona mara nyingi kinachoitwa fujo ni maskini kuwa wengi barabarani kwa siku moja.

Mfano unaonigusa zaidi ni Whittlesey, mji mdogo wa Cambridgeshire. Januari, kipindi ambacho kazi za shambani zilikuwa hamna na njaa ipo, mtu alikuwa anafungwa majani makavu mwili mzima kama dubu, anaongozwa kwa kamba nyumba kwa nyumba, anacheza anapewa hela, chakula, bia. 1909 polisi wakaikomesha kwa sababu waliiona ni ombaomba. Hakuna aliyeumizwa na dubu wa majani, kosa lilikuwa kuomba. Ikalala mpaka 1980 watu wa mji walipoifufua, na leo dubu anatembea na vikundi vingi vya ngoma nyuma yake, Jumapili majani yanachomwa.

"Ni holela tu, hamna sheria"

Zipo, na za kutosha. Kufunga barabara kwa ajili ya maandamano kaunsili (halmashauri) nyingi bado zinatumia sheria ya 1847. Sheria ya leseni ya 2003 inaitaja Morris kwa jina, kwamba ngoma hiyo na za aina yake, zikipigwa bila vipaza sauti, hazihitaji leseni ya burudani. Pombe haijasamehewa, anayetaka kuuza bia kwenye hema la muda lazima atoe taarifa kaunsili na eneo lisizidi watu 499. Na tangu 2014 kaunsili inaweza kutangaza eneo ambalo ukiambiwa acha kunywa, toa hilo kopo, ukakataa, unapigwa faini. Kwa hiyo nyenzo za kuwadhibiti walevi zipo, tena haziigusi ngoma hata kidogo.

"Ni ya wazee wa kiume tu"

1905 Mary Neal, aliyekuwa anaendesha klabu ya wasichana washonaji London, aliwaalikia walimu wa Morris kutoka Headington. Wanawake walianzisha shirikisho lao 1975 kwa sababu lile la wanaume la 1934 lilikuwa linawafungia nje, na 2023 Boss Morris, wanawake watupu kutoka Stroud, walipanda jukwaa la tuzo za muziki za BRIT. Limeisha hilo.

Nyuso nyeusi

Hili la baadhi ya vikundi kujipaka uso mzima mweusi siwezi kuliruka kwa sababu wengi wetu ndilo linalotukimbiza. Kuna dhana mbili na zote zina kasoro. Moja inasema ni masizi ya kujificha sura tu kwa sababu kuomba kulikuwa kosa, ubaguzi haumo. Ya pili inasema wote ni wabaguzi. Masizi ya kujificha ni kweli yalikuwepo, lakini karne ya 19 maonyesho ya wazungu kujipaka weusi kumwiga mtu mweusi yalienea Uingereza nzima na yakaingia kwenye ngoma hizi pia, kwa hiyo anayesema haumo kabisa hasemi kweli. 2016 tamasha la muziki wa jadi la Shrewsbury liliamua halitaalika tena vikundi vinavyopaka uso mzima mweusi, na Julai 2020 vyama vyote vitatu vya Morris vikatoa tamko la pamoja kwamba desturi hiyo iachwe. Wachezaji wa Bacup, Lancashire, walikataa wakajitoa. Wengine wengi sasa wanapaka kijani, bluu, zambarau, au wanavaa vinyago. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ulichelewa.

Ya mwisho: futa tamasha, fujo zitaisha

Chipping Campden, Gloucestershire, walikuwa na michezo ya kilimani tangu Robert Dover alipoianzisha karibu 1612, mieleka, mbio, ngoma, na ule wa kupigana mateke ya ugoko ambao mpaka leo washindani wanajaza majani makavu ndani ya suruali. Katikati ya karne ya 19 reli ilikuwa inajengwa jirani, vibarua wakawa wanamiminika, ulevi ukazidi, malalamiko yakawa mengi, uwanja ukagawanywa na 1852 ikafungwa. Iliyokufa ni michezo, watu waliendelea kulewa na kupigana kwenye pabu kama kawaida. Ilirudi 1951, na leo inafanyika Ijumaa baada ya sikukuu ya mwisho wa Mei, jioni watu wanashuka na mienge mpaka uwanja wa mji.

Kama unataka kwenda na watoto nenda asubuhi. Padstow ni tarehe 1 Mei, ikiangukia Jumapili inasogea Jumatatu. Helston ni tarehe 8, ikiwa Jumapili au Jumatatu inafanyika Jumamosi iliyotangulia, na ukiwa pale kabla ya saa 1 utapata nafasi ya mbele kabisa, barabara bado ina nafasi na pabu bado zimelala.