Diklofenaki na dawa za presha haziivi chungu kimoja, figo ndo inaumia

Wengi wanaokuja kliniki wanajua kazi ya figo ni kutengeneza mkojo. Mkojo ni mabaki tu jamani. Figo zako mbili zinachuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na mwilini unayo lita 3 hivi tu, kwaiyo yaleyale yanapita kwenye chujio mara 60 kwa siku alafu karibu yote yanarudishwa, unachokojoa ni lita moja na nusu hivi.

Kila figo ina nefroni, yaani virija vidogo vya kuchujia, kama milioni moja, na mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha vimishipa vya damu, tunaita glomerula. Maji, chumvi, sukari na urea vinapenya, chembe za damu na protini zinabaki. Mgonjwa wa kisukari akianza kutoa protini kwenye mkojo ujue chujio limeanza kuharibika.

Sasa nguvu ya kuchuja inatoka wapi? Presha. Ndani ya glomerula ipo kama 60 (kwa mmHg, kipimo kilekile cha presha), protini za damu zinavuta maji yasitoke kwa kama 32, na maji yaliyoshachujwa nayo yanasukuma kurudi kwa kama 18. Toa hapo, inabaki 10. Kumi tu! Ndo maana figo inailinda hiyo presha kwa wivu.

Inailindaje? Damu inaingia kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mwingine, na yote miwili inaweza kubana au kulegea. Ukibana wa kuingilia, presha ya ndani inashuka. Ukibana wa kutokea inapanda, kama mpira wa kumwagilia unavyovimba ukiufinya mdomoni. Presha ya mwili ikipanda, mshipa wa kuingilia unajibana wenyewe. Alafu kuna kitu mi huwa kinanifurahisha sana, mrija wa nefroni unazunguka na kurudi kupita katikati ya ile mishipa miwili, pale kuna seli zinaonja chumvi: ikifika nyingi maana yake uchujaji umezidi, basi mshipa wa kuingilia unabanwa, ikifika kidogo unalegezwa na figo inamwaga kemikali iitwayo renini, ambayo mwisho wake ni kutengeneza nyingine iitwayo anjiotensini, na huyu anabana zaidi ule wa kutokea.

Sasa chukua mzee anayetumia enalapril (dawa ya presha) na lasiksi (dawa ya kukojoza), kaharisha siku mbili, magoti yanamuuma, anapita duka la dawa anapewa diklofenaki ya maumivu. Kuharisha na lasiksi vimemkausha maji. Diklofenaki inazuia prostaglandini, kemikali za mwili zilizokuwa zinalegeza mshipa wa kuingilia, enalapril imemzuia anjiotensini asibane wa kutokea. Ile kumi inaisha, na mkojo unakata. Kwaiyo ukiwa kwenye dawa hizo na unaharisha au kutapika, usimeze dawa ya maumivu kabla hujamuuliza daktari wako, na ibuprofen nayo ni kundi lilelile.

Ila msiniache hapa mkaenda kutupa enalapril! Kwa mwenye kisukari anayevujisha protini, kulegeza ule mshipa wa kutokea kunapunguza presha inayolichosha chujio, na ndo tunachokitaka. Kreatinini (takataka ya kwenye damu tunayopimia kazi ya figo) ikipanda kidogo wiki za mwanzo, mpaka asilimia 30 hivi, mara nyingi tunaendelea na dawa huku tunarudia kipimo, na potasiamu tunaiangalia pia.