“Tumbo Limetanuka, Nataka Nikazwe Tena”

Wiki iliyopita nimeisikia mara nne. Jumanne peke yake mara mbili, tena kabla ya saa nne asubuhi. Mtu anaingia, anakaa, anashusha pumzi, halafu: “Dada, tumbo limetanuka. Kilo kumi na moja zimerudi. Nataka nikazwe tena.” Wanavyolitamka hilo neno “kukazwa”, utadhani tumbo ni sketi iliyopwaya kiunoni: unaipeleka kwa fundi, anapunguza inchi mbili, unavaa unaondoka.

Mimi si daktari wa upasuaji. Kazi yangu ni lishe, na wanaokuja kwangu ni watu waliofanyiwa slivu au baipasi, yaani upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, wengine hapahapa nchini, wengine India, wengine Uturuki. Mwaka wa kwanza siwaoni sana, maana wako kwenye raha ya kupunguza nguo. Nawaona mwaka wa pili, wa tatu, wa tano, mizani ikishaanza kupanda. Kwa hiyo hili la kutanuka nitalisema leo lote, na dhana nyingine ninazozisikia nitazipitia harakaharaka mwishoni.

Dhana: uzito umerudi kwa sababu tumbo limetanuka

Kwenye slivu, kati ya asilimia 75 na 80 ya tumbo inakatwa na kutolewa nje ya mwili. Haikukunjwa, wala haikufungwa kwa uzi ambao siku moja ungefunguka. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, unaobeba kama mililita 100 hadi 150. Na sehemu iliyoondoka ni pamoja na ile ya juu, ambayo ndiyo iliyokuwa rahisi kutanuka, na ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni ya njaa. Kwenye baipasi unaachiwa kifuko cha mililita 30 hivi, na chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba.

Je, kilichobaki hakilegei kabisa? Kinalegea, kidogo. Wiki za mwanzo kuna uvimbe kwenye mshono na tumbo lenyewe ni gumu, ndiyo maana vijiko vitatu vya supu vinakutosha. Uvimbe ukiisha unakula zaidi. Ukifika mwaka mmoja, kikombe hadi kikombe na nusu cha chakula kwa mlo ni jambo la kawaida. Tulilitarajia, na aliyekupasua alilitarajia. Ungebaki kwenye vijiko vitatu maisha yako yote, leo ningekuwa nakutibu utapiamlo. Ila mtu anafanya hesabu yake kichwani: nilikuwa nakula vijiko vitatu, sasa nakula kikombe, basi limetanuka. Anasahau kwamba vile vijiko vitatu vilikuwa vya mtu mwenye kidonda.

Nikueleze kuhusu mama mmoja. Ana duka la vitenge, anakaa dukani kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Slivu, mwaka wa tatu. Alishuka vizuri sana, kisha zikarudi kilo tisa. “Mimi sili kitu, dada. Mchana nakula vipande viwili vya samaki na mchicha, nashiba mpaka napumua kwa shida. Tumbo limetanuka.” Nikamwangalia. Mama, umetoka kuniambia vipande viwili vya samaki vinakushibisha mpaka unapumua kwa shida. Hilo ndilo tumbo lililotanuka?

Wakati tunaongea, chupa yake ya chai ilikuwa mezani. Anakuja nayo kila mahali. Nikamwomba ruhusa, nikaifungua: chai ya maziwa, iliki, tangawizi, tamu kweli. Chupa ya lita moja, nusu yake maziwa, na sukari vijiko vinane vya chai vilivyojaa. Tukakokotoa pamoja kwenye kalamu na karatasi. Nusu lita ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta ni kalori kama 300. Sukari ile ni nyingine 160. Chupa moja, 460. Kwa siku anamaliza mbili, maana anapiga funda dogodogo huku anahudumia wateja. Hizo ni kalori zaidi ya 900, robo tatu ya nilichompangia kula siku nzima, na hakuna hata tone lililogusa ule “ukubwa wa tumbo” anaoulalamikia. Slivu inazuia chakula kigumu. Kimiminika kinapita kama maji kwenye bomba.

Hapo ndipo ninapochoka na hii hadithi ya kutanuka: inamfanya mtu aangalie mahali ambapo hakuna kitu. Anatafuta picha, anatafuta daktari wa kumkaza, na chupa ya chai iko mkononi.

Na si chai tu. Kuna uji. Nitasema jambo litakalonigombanisha na mama wakwe wengi: uji wa lishe, ule wenye karanga, soya, maziwa na sukari, ni chakula kizuri sana cha mtoto anayetakiwa kuongezeka uzito. Wewe ulipewa uji kwa wiki chache baada ya upasuaji kwa sababu ya mshono. Hakuna aliyekuambia uendelee nao hadi leo. Halafu kuna vile ninavyoviita vyakula vya kuteleza: biskuti, krispi, bisi, aiskrimu, keki, korosho za kutafuna njiani. Vinasagika vikawa uji mdomoni, vinapita, baada ya nusu saa kuna nafasi tena. Gramu 100 za korosho ni kalori 550 na kitu. Mtu anamaliza pakiti kwenye foleni ya Ubungo na hajashiba. Kipande cha kuku cha ukubwa wa kiganja kinamshinda.

Ongeza na tabia ya kunywa huku unakula. Ukisukumia ugali na maji au soda, unajipunguzia muda wa kushiba. Nina sheria yangu na siiachi: kikombe kiondoke mezani kabla sahani haijafika, na kisirudi mpaka nusu saa baada ya kumaliza.

Jambo la pili ambalo dhana hii inalificha ni kwamba mwili wenyewe unataka kurudi. Upasuaji hufanya kazi zaidi ya kupunguza nafasi; unabadilisha homoni, njaa inashuka, shibe inakuja mapema. Ile nguvu ya mwanzo haibaki palepale. Mwili uliopoteza kilo nyingi unatumia nishati kidogo kuliko zamani, na ishara za njaa zinarudi polepole. Wasweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000, karibu nusu yao wamepasuliwa na wengine wakatibiwa kwa njia za kawaida. Waliofanyiwa baipasi, ndani ya mwaka wa kwanza na wa pili walikuwa wamepunguza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao. Miaka kumi baadaye ikawa asilimia 25. Chukua mtu aliyeanza na kilo 120: alifika kama 82, akatulia kwenye 90. Kilo nane zimerudi, na huo ni wastani wa watu ambao upasuaji wao ulifanikiwa. Wale ambao hawakupasuliwa, muda wote huo uzito wao haukusogea hata asilimia tatu, juu wala chini.

Kwa hiyo ukiniambia zimerudi kilo nne kutoka pale chini kabisa ulipowahi kufika, nitakupongeza.

Sasa, ili nisionekane mbishi tu: kuna wachache ambao kweli maumbile yamebadilika. Kwenye baipasi, maungio ya kifuko na utumbo yanaweza kupanuka, au kifuko kikatoboka njia na kuungana tena na tumbo la zamani. Kwenye slivu, pengine sehemu ya juu iliachwa kubwa tangu siku ya kwanza. Haya yanaonekana kwa eksirei ya kunywa bariamu (dawa nyeupe inayoonyesha njia ya chakula kwenye picha) au kwa endoskopi, ile kamera inayopitishwa mdomoni, na yanatibika. Kipimo changu cha mwanzo lakini hakihitaji mashine. Kaa mezani, kula samaki au kuku na mboga, pasipo kinywaji, taratibu, dakika ishirini. Ukishiba kwa kiasi cha kikombe au kikombe na nusu, tumbo lako linafanya kazi, turudi kwenye chupa ya chai. Ukiweza kumaliza sahani nzima ya ugali na nyama kavukavu na bado unaangalia ya jirani, mimi mwenyewe nitakuandikia barua ya kwenda kupigwa picha. Vilevile kama una kiungulia kikali, unatapika mara kwa mara, au chakula kinakwama, usisubiri kipimo changu.

Kurudi kwenye meza ya upasuaji mara ya pili si jambo dogo. Kuna makovu, tishu zimeshikana, na hatari ya madhara ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Na ukikazwa ukarudi na chupa ileile, tutaonana tena.

“Nitafunga siku tano kwa maji na supu, tumbo lirudi dogo.” Hii inazunguka sana WhatsApp. Tumbo halirudi dogo kwa siku tano. Unapoteza maji, na glikojeni kidogo (sukari ya akiba mwilini), mizani inashuka kilo mbili, unafurahi, Jumatatu zinarudi. Ukiona inakusaidia kuacha sukari, sawa, lakini usiniambie umepunguza tumbo.

“Sanamaki inanisaidia.” Inakusaidia kuharisha. Unapoteza maji na potasiamu, na kalori zilishafyonzwa juu huko kabla sanamaki haijaamka. Mtu wa baipasi anayekunywa sanamaki kila siku ananitisha kuliko aliyeongezeka kilo kumi.

“Puto lilitolewa nikanenepa, kwa hiyo hata upasuaji haufanyi kazi.” Puto si upasuaji. Linawekwa ndani ya tumbo kwa muda, miezi sita au mwaka kulingana na aina, kisha linatolewa, na tumbo lako lote liko palepale. Ni vitu viwili tofauti, usipime kimoja kwa kingine.

“Nimeshanenepa, vitamini za nini tena?” Hapa napandisha sauti. Kunenepa kwako hakujarudisha sehemu iliyokatwa. B12, chuma, kalsiamu na vitamini D ni za maisha, uwe na kilo 70 au 110. Nimeona wanawake wenye unene na damu imeshuka vibaya, hedhi nzito, miguu ina ganzi, na wanadhani ni uchovu wa biashara. Chuma na kalsiamu zisimezwe pamoja, weka masaa mawili katikati. Chuma kisimezwe kwa chai. (Ndiyo, chai tena.)

“Nitaongeza mazoezi tu.” Fanya mazoezi, hasa ya kunyanyua vitu vizito, maana misuli ndiyo inayoshikilia matumizi ya nishati yako. Lakini soda ya mililita 500 ina sukari gramu 50 na ushee, kalori 200 na kidogo. Inanywewa kwa dakika tatu. Kuichoma kwa kutembea ni kama saa nzima ya mwendo wa haraka.

“Kutumia sindano za kupunguza uzito baada ya upasuaji ni kukiri kwamba nimeshindwa.” Mbona mwenye presha akiongezewa dawa ya pili hasemi ameshindwa? Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2023 uliwachukua watu ambao upasuaji haukuwapunguza vya kutosha: waliochomwa liraglutaidi, mojawapo ya sindano hizo, kwa wiki 24 walipunguza karibu asilimia 9 ya uzito, na waliochomwa sindano isiyo na dawa hawakufika hata asilimia moja. Daktari akuandikie, akufuatilie. Lakini usinunue kwa mtu wa Instagram. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia, sindano nyingine ya aina hii, na kalamu bandia inaweza kuwa na insulini ndani yake.

“Ni mimi tu, sina nidhamu.” Pengine. Pengine pia ni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, au prednisoloni uliyopewa kwa ajili ya pumu, au insulini, au dawa ya usingizi na msongo, au tezi ya shingo iliyolala. Hizi zote zinaweza kuongeza uzito, na hakuna chupa ya chai itakayozieleza. Ndiyo maana namwambia kila mtu aje na dawa zake zote, zenyewe, siyo majina aliyoyakariri. Zimwage mezani kwangu, pamoja na zile za asili usizomwambia daktari. Njoo pia na karatasi ya siku tatu yenye kila kitu kilichopita mdomoni, hata ulichoonja jikoni na ulichomalizia kwenye sahani ya mtoto. Na kama una chupa ya chai, njoo nayo, usiimwage kabla ya kuingia.