Kuimba alfabeti si kusoma

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akishaweza kuimba a, be, che mpaka mwisho, ameanza kusoma. Hapana, ameshika wimbo. Mwonyeshe k peke yake: mara nyingi ataanza upya kutoka a mpaka aifikie.

Jina la herufi si sauti yake. Mtoto akiunganisha majina ya herufi za “baba” anapata be-a-be-a, na neno halitokei. Anachohitaji kwanza ni kusikia kwamba neno lina vipande vya sauti, na hilo halihitaji kitabu wala kalamu. Pigeni makofi kwa silabi: me-za, mawili, m-to-to, matatu. Hapa hata watu wazima hukosea: m ya “mtoto” ina kofi lake, ila ya “mbuzi” haina, kwani ni mbu-zi. Tamka taratibu utasikia.

Akizoea, ingiza herufi. Anza na irabu 5, kisha m na s, kwa kuwa sauti zake huvutika. Vuta mmm na, bila kukata pumzi, ingia aaa: mmmaaa, ma. Herufi b na t zisubiri. Hazivutiki, na ukizitamka peke yake ni rahisi kuzibandika irabu, kisha mtoto akasoma “ba-a” badala ya “ba”.

Dakika 10 kwa siku zinamtosha wa miaka 4 au 5. Akichoka, acheni hapo hapo. Wimbo nao aendelee kuuimba, maana mpangilio wa herufi utamfaa atakapoanza kutumia kamusi.