Toki renchi: anza na bolti ndogo

Fundi akiniuliza anunue toki renchi gani, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza bolti, namuuliza kwanza: bolti ndogo kuliko zote utakayoikaza inataka nguvu ngapi? Wengi hunitajia kubwa.

Chukua 1NZ-FE, injini ya IST na Probox zinazojaa gereji zetu. Bolti ya puli ya krenki inataka Nm 128 (Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Za silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, zinaanza na Nm 29, kisha unazizungusha nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha nyuzi 90 tena. Za mikono ya pistoni ni Nm 15, halafu nyuzi 90. Ukiifuata ile 128 utanunua renchi ya Nm 40 hadi 200, na haitaweza hata kuanza kazi ya hedi.

Renchi ya saa (yenye mshale) au ya kidijitali huenda ikaonyesha namba ndogo, lakini soma vizuri ile asilimia ya kosa. Ni asilimia ya unachokaza, au ya upeo wa renchi? Asilimia 4 ya upeo wa 200 ni Nm 8. Kwenye bolti ya Nm 15 hiyo ni zaidi ya nusu! Kiwango cha ISO 6789 kinataka renchi ya kliki (inayolia ikifika kipimo) yenye upeo unaozidi Nm 10 isikosee zaidi ya asilimia 4 ya kipimo ulichoweka. Iulizie cheti chake cha kupimwa, chenye namba ileile iliyochongwa kwenye renchi.

Mimi ninazo mbili: ya inchi 3/8 (upana wa kichwa kinachoshika soketi) inayokwenda Nm 10 hadi 60, na ya nusu inchi ya 40 hadi 200. Nikimaliza narudisha kipimo hadi namba ya chini kabisa. Niliwahi kuiacha moja miezi kadhaa springi ikiwa imebanwa. Ikawa inalia mapema, bolti bado hazijafika, na gasketi ya hedi ya mteja ikavuja. Nililipa gasketi, na kazi nikairudia bure. Tangu hapo napeleka renchi kupimwa kila mwaka, au mapema zaidi zikifika kliki 5,000.

Na tafadhali, paka oili kidogo kwenye meno ya bolti za hedi na chini ya kichwa chake, kama kitabu cha injini hiyo kinavyoagiza. Nguvu yako nyingi inaliwa na msuguano. Takriban sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo inayoivuta bolti. Bolti ikiwa kavu au ina kutu, renchi sahihi kabisa italia kliki huku hedi bado haijabanwa.